Fungu la Idrissa Katika Safari ya Mitundu

Dzaleka, Dowa,
Malawi.
22 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Idrissa,

Asalaam aleikum. Kabla ya yote nakujulia hali, wewe, mkeo Maimouna na watoto. Mguu wa Maimouna ulioteguka kwenye barafu umepona? Sisi hatujambo. Mama hajambo pia, ila magoti yanamsumbua asubuhi kwa baridi hii ya Juni. Shemeji yako Tambwe anakusalimu, bado anashona nguo pale pale karibu na soko.

Picha zenu tumeziona. Mmejaa ndani ya gari, mnatoka mji mdogo huu wa Kanada mnaingia ule, watoto wanalamba aiskrimu, mkeo na miwani ya jua. Mdomoni nilisema mashallah. Moyoni, nisikufiche, nilikuwa na kijiba cha roho. Miaka yote ya ukimbizi hapa Dzaleka sijawahi kupanda gari kwa ajili ya kutembea tu. Napanda kwenda hospitali, au kufuata bidhaa.

Basi ahsante kwa kutukodishia gari la Zihindula, ili mama naye atembee kidogo kabla ya kupanda ndege kuja kwako. Kibali cha kutoka kambini tulikipata, na Jumamosi tarehe 14 tukaondoka. Mama alikaa mbele na Zihindula, mimi na Tambwe na wanangu wawili tukabanana nyuma. Nikwambie nilichokuwa nakitaka siku hiyo: nilitaka mama aseme, mara moja tu, kwamba kuniacha kutamuuma. Tangu jibu la safari yake lije hajasema neno. Kazi yake ni kuzungumzia masweta.

Lumbadzi tulisimama tukanunua karanga za kuchemsha. Unaijua desturi ya mama, ametoka nayo kwetu Kongo, Kindu. Mtoto aliye mbali hutengewa fungu lake, na fungu hilo hupewa mgeni au mpita njia. Ndugu zake hawaligusi, maana ndugu akilila ni kama kusema yule wa mbali hatarudi tena. Nyumbani nimezoea, lakini sikudhani desturi hiyo itapanda gari pamoja nasi. "We Feza, bakisha ya Idrissa," akasema, hata yeye mwenyewe hajaonja. Nikaweka karanga zako kwenye bakuli, bakuli nikalipakata.

Lilongwe tuliingia Old Town, watu wamejaa kama kawaida. Pale soko la Tsoka mama alimchagulia Maimouna kitenge, akakikunja na kukikunjua mpaka muuzaji akachoka. Mimi nilipewa kukibeba. Kisha tukanunua sambusa, na ile kubwa kuliko zote ikaja mapajani kwangu, juu ya karanga zako, wanangu wakiitolea macho. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yako, mdogo wangu, inanichapa mimi kila siku.

Njia ya Mitundu ni nzuri, siwezi kusema uongo. Mikokoteni ya ng'ombe imejaa mahindi, vijana wa kabaza, wale wa teksi za baiskeli, wamefunga mbuzi nyuma, na kila senta ya biashara tuliyopita watoto walitupungia mikono. Mama alifurahi sana. Lakini kila alichokiona alikupa wewe. Mbuzi, Idrissa angecheka. Kilima, Idrissa angekipanda. Nikawa naangalia dirisha la upande wangu.

Mitundu tulikwenda kwa Naphiri, yule mama wa Kimalawi aliyekuwa akimletea mama maharage pale soko la kambini. Mama alitaka kumuaga. Walikumbatiana, ahsante za "zikomo, zikomo" nyingi, tukapikiwa nsima, ule ugali wao, na kuku. Halafu Naphiri akaniangalia, akamuuliza mama kama mimi ndiye mkwe wake, mke wa yule kijana wa Kanada. Miaka yote ya maharage mama alikuwa akimsimulia mtoto mmoja tu! Mama alicheka, akamweleza. Mimi sikucheka. Tulipoondoka, paja la kuku lilikuwa limeongezwa kwenye bakuli.

Kurudi, Zihindula alipita barabara ya vumbi ya mashambani, akidai ni ya mkato, na huko huko gurudumu likapasuka. Wanaume wakaanza kulibadilisha. Mimi nikakaa kwenye majani na bakuli langu. Nikala, Idrissa. Nilianza na paja, nikaja kwenye sambusa, nikamalizia karanga, na mama ananiangalia. Wanangu waliacha kucheza.

"Feza, unamuuwa ndugu yako?"

"Hapana, mama," nikamjibu kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Mi njo mwenye nakusuguaka magoti kila asubuhi. Jina yangu unaitajaka wapi?"

Nilijua atanipiga kibao, mtu mzima nilivyo. Akakaa chini polepole, akishika goti.

"Mwenye iko mbali njo anasemwaka," akasema. "We nitakusema kwa nani, na uko hapa? Nikifika kule, masikio ya Idrissa itachoka na jina yako." Akanifuta mafuta ya kuku mdomoni kwa ncha ya kitenge chake. "Na ile ya kukuacha, usiniulize. Nikiisema, sitapanda ndege."

Zihindula akatuita, tukapanda.

Kwa hiyo jitayarishe, mdogo wangu. Zamu yako ya kuona wivu inakuja. Utampeleka kwenye miji yenu midogo na atakwambia Feza angependa hapa. Atakutengea nyama ndogo, kubwa iwe yangu, na ole wako ukiigusa. Usimkatize. Magoti msugue kabla hajaomba, kwa sababu haombi.

Msalimie sana Maimouna, umwambie kitenge ni chekundu na kitamfaa. Wabusu watoto. Thacienne, jirani yetu Mrundi, anakusalimu pia. Mwenyezi Mungu awafungulie riziki na awaepushie baya.

Huyo Thacienne alikuja jana jioni kukaa nasi. Nikamwambia mama anapenda chai yenye tangawizi nyingi, mama haogopi nyoka ila anaogopa vyura, mama akiwa msichana alikuwa anakimbia kuliko kaka zake. Niliendelea kumsema hivyo hivyo, na mama mwenyewe amekaa pale pale kwenye mkeka, anachambua mchele. Akainua macho akaniangalia. Hapo ndipo tulipojua, mimi na yeye, kwamba amekwisha kuondoka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikununia,
Feza