Mbetula wa Sirpa

Jumamosi, 20 Aprili 2019

Narudi kutoka dukani — mkwe wangu Jouko yuko juu ya ngazi na msumeno! Amekata tawi kubwa la mbetula, mti wa binti yangu Sirpa. Eti linagusa paa la sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke. Mtu mzima, Mfini, anakata mbetula mwezi wa nne! Maji ya mti ndiyo kwanza yanapanda shinani. Kila mtu hungoja kiangazi, majani yakomae. Huyu wa mjini Helsinki, wapi! Kidonda kinatiririka kama bomba, naye Jouko kawa mweupe kuliko gome jeupe la mti wenyewe. Nikamwambia alete ndoo, angalau tuyanywe maji hayo. Tumekunywa. Matamu kidogo, ya baridi.

Mti huu marehemu mume wangu aliupanda wiki aliyozaliwa binti yetu. Hautakufa. Naijua mibetula.

Jumanne, 23 Aprili

Bado unavuja. Jouko anataka kupaka kidonda rangi ya mafuta! Nimemnyang'anya brashi. Mti hujifunga wenyewe. Kazi yetu ni kuumwagilia na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kunakomshinda.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Mama. Sirpa kaniletea kahawa na keki kitandani. Nje mibetula yote imetoa masikio ya panya — ndivyo tunavyoyaita majani yakiwa madogo hivyo. Wa Sirpa hauna hata jani moja.

Sirpa kauliza, je, ukituangukia tukiwa sauna? Nikamjibu umechelewa tu. Hata wewe ulichelewa kuzaliwa, na baba yako hakukukata! Kacheka. Jouko hakucheka.

Jumamosi, 25 Mei

Wamekubaliana bila mimi! Nimesikia msumeno wa mashine, nikatoka na gauni la kulalia, kiti na daftari hili. Nimekaa, mgongo kwenye shina.

"Mama, sogea, tafadhali. Sirpa mwenyewe karuhusu."

"Zima hiyo kwanza. Parua kijiti kwa ukucha. Ukikuta kijani chini ya gome, uko hai, huukati."

Kazima. Kaparua. Kahawia.

"Hicho cha chini. Panda juu."

Naogopa, ndiyo. Naandika ili nisiinuke hapa. Lakini mti huu haujafa, nasema tena.

Yuko juu ya ngazi. Anaparua. Anaparua tena.

Sirpa anatoka ndani, kabeba kiti cha pili. Jouko anamuuliza kutoka juu, hicho cha nini? Anakuja huku, anakiweka kando ya changu.