Mfuko Uliokuwa Ukianikwa Uani

Mama,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini hasira hazijanifanya nisahau adabu. Ningekuja kukwambia haya kaburini, ila ukoo mzima ungenisikia, na Kaka Yona angetangaza kwamba nimepagawa. Basi nakuandikia.

Yona ndiye aliyesoma wasifu wako siku tuliyokuzika. Alisoma kwa ile sauti yake ya mzee wa kanisa: "Marehemu alikuwa mkulima hodari na mama wa sala." Nikasubiri aendelee. Akakunja karatasi, akaketi. Hakutaja pombe hata kidogo! Mama, nusu ya waombolezaji pale Ikungi walikuwa wateja wako. Wengine waliinamisha vichwa, na sidhani kama walikuwa wanasali. Yona mwenyewe alivaa sare, akasoma na kuoa kwa pombe yako.

Hata matanga hatujaanua, akakusanya vyombo vyako. Pipa akalipeleka kwake liwe la kunyweshea ng'ombe. Mfuko wako wa kupikia akautupa shimo la takataka. Nilipomuuliza, akanijibu, "Aibu ya mama tumeizika naye. Usiifukue." Nikaingia shimoni na kanga yangu ya msiba, nikautoa.

Ule mfuko naujua kuliko nguo yangu yoyote. Uliushona kwa mkono, kwa pazia la neti lililochakaa. Wapika pombe wenzako walikuwa wanachuja huku machicha yanawatapakaa hadi viwikoni. Wewe ukajaza kimea cha mtama ndani ya mfuko, ukafunga mdomo, ukauzamisha mzima kwenye pipa la maji ya moto. Wakakucheka kwamba unapika chai ya mtama. Maji yalitakiwa yawe ya kuchovya kidole mara moja tu. "Ukithubutu mara ya pili," ulikuwa ukisema, "ongeza kuni." Tulilifunika pipa kwa blanketi mpaka maji yawe matamu, kisha tunaunyanyua mfuko kwa mchi, wewe upande huu na mimi upande ule, na kuuning'iniza juu ya pipa. Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza, nikawa nauminya. Ulinipiga kofi mkononi. "Acha udondoke wenyewe. Ukiukamua pombe inakwaruza koo, na mteja hasahau koo lake." Ndipo tunachemsha, tunapoza, tunatia chachu. Sijaona mtu anayeijua kazi yake namna ile.

Sasa nikwambie linaloniuma.

Kila tukimaliza ulinituma nikauanike uani, nyuma ya zizi, kivulini, halafu niufunike kanga. Mbele ya nyumba jua lilikuwa tele. Nikauliza kwa nini, ukasema, "Watu wanapita." Mfuko ukashika ukungu, ikabidi tuuchemshe kila mara kabla ya kupika. Na asubuhi ya shule ulitusimamisha mlangoni mimi na Yona, ukatufundisha: "Mkiulizwa kazi ya mama, semeni mkulima." Tukaulizwa, tukasema.

Kwa hiyo siku ya mazishi Yona hakubuni kitu. Alitoa jibu ulilomfundisha mwenyewe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nimemkasirikia Yona, ndiyo, lakini wewe nimekukasirikia zaidi. Yeye alikuonea aibu ukiwa jenezani. Wewe ulijionea aibu ukiwa hai, jasho linakutoka, watoto wanashiba. Ulikuwa unamwogopa nani? Hao waliokuwa wanapita ndio waliokuwa wanakunywa! Mimi nikiona haya kwenda zahanati ulikuwa unanifokea, "Mficha uchi hazai." Maneno mazuri, Mama. Mbona hukujiambia?

Juzi nimepika, mara ya kwanza bila wewe. Pipa nimeazima kwa jirani. Kwa hasira nilizokuwa nazo nilitaka kuukamua ule mfuko kama shingo ya mtu. Sikuukamua. Nilikaa kwenye kigoda chako nikausikiliza ukidondoka mpaka tone la mwisho, na hapo ndipo nilipolia. Siku ya mazishi sikuweza. Nimekukumbuka sana, na hilo nalo linanikasirisha.

Leo ni Jumapili. Nimeufua mfuko na kuuanika mbele ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, pale pale njia ya kanisani inapopita. Yona akapita na Biblia yake kwapani, akasimama ghafla.

"Anua hicho kitu. Watu wanapita."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nimesema anua."

"Ni mfuko wa mama. Alikuwa mpika pombe."

Akatazama huku na huku, kisha akautazama mfuko. "Mama mwenyewe hakuwahi kuuanika hapo," akasema, kwa sauti ndogo.

Hapo amesema kweli. Jibu lake nakupa wewe. Kama nawe huko uliko unaona haya, geuza uso, Mama. Siuanui mpaka ukauke.

Mwanao wa kike,
mshika mchi wa upande ule.