Dizeli ya Mama Mkwe

Mama Lidwina, shikamoo. Msomaji wa safu yako hii ya gazetini hasa ni mke wangu, mimi huwa nachungulia begani kwake, lakini leo naandika mwenyewe kwa kujificha na nakuomba unishike mkono, maana aibu hii nikiendelea kuibeba peke yangu itanimaliza.

Nina mashine ya kusaga hapa Mshangano, ya injini ya dizeli kwa sababu umeme wa njia tatu haujafika huku kwetu, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri mpaka bajeti ilipopandisha tozo ya mafuta, ukienda sheli unakuta dizeli imepaa, wenye mashine wote tukaongeza bei ya kusaga, mimi nikaiandika kwa chaki mlangoni, akina mama wakanung'unika kidogo wakazoea, ila mmoja hakubadilika, naye ni mama mkwe wangu. Sasa Mama, nilivyolelewa mimi mkwe ni mkwe, nikimwona njiani napisha, hatutazamani usoni, namwamkia nimechuchumaa naangalia chini, na habari ya hela sijawahi kuongea naye tangu nioe. Yeye anakuja na debe lake la mahindi, likishasagwa anaweka hela juu ya kigoda, ile ile ya zamani, anajitwika unga wake anaondoka. Nikavumilia. Lakini wenzake wakaona, kwanza jirani yake, halafu wale wa jumuiya yake ya kanisani, wote wakawa wanaacha kigodani hela ya zamani, ukiwauliza wanasema "na sisi tusagie bei ya mkwe" huku wanacheka, nikajikuta nasaga kwa hasara, dizeli inakwisha kabla sijapata ya kununulia nyingine.

Nikamwomba mke wangu, tumwite Mektilda, amdokeze mama yake. Akaniangalia, akasema, "Nimwambie nini? Kwamba mwanaume aliyempa wajukuu anamdai hela ya kusaga? Hapo mimi simo." Nikaishiwa maarifa, na ndipo nilipofanya ujinga wangu, kila nikimwona mama mkwe anakuja na debe kichwani nazima injini, natangaza kwamba dizeli imekwisha, tozo imetumaliza, naye anageuka anakwenda kusaga kwenye mashine ya bondeni, mbali, na magoti yake yale mabovu, na waliokuwa kwenye foleni wanamfuata huko huko, kwa hiyo hata hiyo hasara sikuizuia.

Sasa sikia yaliyonikuta. Jumapili baada ya misa bodaboda imesimama mlangoni kwangu, mama mkwe ameshuka, na nyuma ya pikipiki limefungwa dumu la dizeli limejaa mpaka kwenye kifuniko. Ameuza nguruwe wake aliyekuwa anamnenepesha kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu. Hakuingia ndani. Alisimama uani akaongea na binti yake, mimi nimejibanza nyuma ya mlango nasikia kila kitu: "Mwambie baba watoto asihangaike peke yake. Tozo haimwulizi mtu kama ana watoto. Awashe mashine, mengine tutayaona mbele." Mektilda alilia kwa furaha. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Dumu liko pale kwenye kona ya mashine, sijaligusa. Nikilitumia nimekula nguruwe wa mama wa watu kwa uongo, nikilirudisha nimemtukana mkwe, nikisema ukweli sijui mke wangu ataniona mtu wa namna gani. Nimefikiria hata kuiuza mashine nikalime tumbaku kwa kaka yangu Namtumbo. Nifanye nini, Mama?

Mwenye Mashine, Mshangano

MAMA LIDWINA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Habari ya Namtumbo iache kwanza, huko nako kuna wakwe.

Nimekuonea huruma na nimekukasirikia. Kumtembeza mama mwenye magoti mabovu mpaka bondeni kwa sababu umeshindwa kufungua mdomo ni kosa lako, usilisukumie serikali. Tozo imepandisha dizeli, haikukutuma kudanganya.

Lakini kuna jambo hukuliona. Unasema huwezi kumtajia bei kwa sababu ni mkwe wako. Haya, na yeye je, angeweza kukuuliza? Heshima iliyokufunga mdomo wewe ndiyo iliyomfunga yeye. Anakuja na debe lake, anaweka hela, anaondoka bila kuinua macho, halafu unataka asome chaki mlangoni kwako. Wenzake walioisoma hiyo chaki waliona faida kunyamaza. Mwanamke aliyeuza nguruwe ili injini yako iwake, unadhani angekunyima nyongeza ya debe moja? Hakujua, baba, na hata bondeni alikotozwa zaidi, bila shaka alidhani ni bei ya huko. Hakuna aliyemwambia.

Sasa fanya hivi. Gazeti hili ukilipata wewe kwanza, usilifiche. Mpe mkeo mkononi, ukae hapo hapo asome mpaka mwisho. Atanuna, na ana haki ya kununa, maana mama ni wake. Usijitetee.

Kisha mtafute mshenga wako. Ninyi vijana mkishaoa mnamsahau, mnadhani kazi yake ilikuwa kupeleka posa tu. Kazi yake ndiyo hii. Aende kwa mama akaseme kwa niaba yako kwamba dizeli haikuwa imekwisha, bei ilikulemea ukaona haya, na unaomba radhi. Asiende mikono mitupu. Aende na mtoto wa nguruwe, hata akiwa mdogo, atakua.

Dizeli usithubutu kuirudisha. Mimina kwenye tangi, na debe la kwanza kusagwa liwe la mama, siku hiyo usipokee kitu.

Kuanzia hapo wewe kaa na injini yako, hela apokee Mektilda. Mama atalipa kwa mwanawe, na wakizidishiana au wakipunguziana watamalizana wenyewe. Wale wa bei ya mkwe nao watajirekebisha, kwa sababu Mektilda hana ukwe nao. Waelezeni bila kuzunguka kwamba kila lita ina tozo ndani yake, ikipanda mtapandisha, na ikishuka mtashusha siku hiyo hiyo. Ikishuka, shusheni kweli, watu wakiona mmeshusha mara moja watawaamini mkipandisha tena. Mashine itaendelea kusaga, sina wasiwasi nayo.

Kila wiki napokea barua za watu wanaolia kwamba wakwe zao hawawapendi. Wewe una mkwe anayekupenda kuliko ulivyojua, na mlikuwa mnapotezana kwa sababu ya bei ya debe moja la mahindi. Mwahi mshenga kesho asubuhi, kabla hajaenda shamba.