Goti Langu na Fainali ya Kesho

Jumamosi, Kitengela

Nilimdanganya kocha, na bado nasikia ile sauti yangu ikisema, "Liko sawa." Goti haliko sawa. Lilijipinda kwenye mechi ya pili leo kule Kajiado, na sasa limefura hadi suruali inabana.

Mpira wa watu saba hauna mahali pa kujificha. Uwanja ni mdogo na kila mtu anakimbia. Kesho ni fainali, na watu wa klabu moja ya kulipwa kutoka nje wanakuja kututazama. Niko na miaka thelathini na moja. Watarudi lini tena?

Kinachonisumbua zaidi ni Naserian, yule msichana wa Ewuaso anayeingia nikitoka. Aliniona nikichechemea kuelekea kwa gari. Nilidhani atafurahi. Akasema tu, "Mwende, nimeona. Sitamwambia kocha. Mwambie wewe."

Afadhali angenitusi.

Nimezunguka hii nyumba na barafu mkononi mpaka nikachoka, kisha nikampigia kocha. Nikamwambia ukweli.

"Ungeniambia huko uwanjani," akasema. "Basi Naserian ataanza."

Nililia kidogo. Si kwa sababu ya goti.

Halafu nikamwandikia Naserian kwamba yule beki mrefu wa timu tunayocheza nayo kesho hugeuka polepole akienda kushoto, kwa hivyo ampitie upande huo bila kuogopa. Amejibu: "Asante. Kuja ukae karibu na laini, unipigie kelele."

Nitaenda. Sijui kama nitaweza kutazama.