Mama Watiri, Uliyepukuchua Mahindi na Wenye Shida

Jumanne ile baada ya Pasaka, tarehe 22 Aprili 2025, ndiyo kila kitu kiliharibika. Sasa mwaka umeisha, Mama Watiri, na bado nikimaliza kukama asubuhi naweka kikombe chako cha maziwa kwa dirisha la jikoni.

Uliajiriwa na shirika la kusaidia familia, hapa Karatina. Watu walidhani kazi yako ni kugawa blanketi. Mimi nilijua, kwa sababu ulirudi nyumbani vidole vimechubuka. Ukifika kwa mtu hukumuuliza shida yake. Uliomba ungo, mkakaa chini, mkapukuchua mahindi yake. Uliniambia, "Baba Watiri, mtu hatoi shida kubwa kwanza. Anatoa ile ndogo, aone utaishika namna gani." Macho yakiwa kwa mahindi, hakuna anayemwangalia mwenzake, basi maneno yanatoka.

Wakubwa wako walicheka. Ati Sophie, kwani tulikuajiri kupukuchua? Wakaamua wenye shida waje ofisini, wakae kwa kiti, waulizwe, waende.

Ndivyo alivyokuja yule mama wa upande wa Mukurweini. Jina lake siandiki, hukupenda mambo ya watu yatembee. Ofisini aliomba sare za wajukuu. Ukamfuata kwake, mkakaa na gunia la mahindi, na gunia likikaribia kwisha akakuambia mtu wa nyumba yake anampiga ili auze shamba la kahawa. Ukarudi kuomba gari na mtu wa pili wa kwenda nawe, mkamtoe huko. Mkubwa wako akakujibu, "Aliomba sare. Mpe sare."

Jumanne hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gari la shirika lilikuwa Nanyuki, limepeleka wakubwa hotelini, wakafundishwe kuwaelewa wenye shida. Hiyo sikutunga. Ulivaa gambuti zangu, ukacheka vile zinakupwaya, ukasema utarudi na mgeni, nitandike kitanda cha kijana wetu Munene. Nilikitandika. Boda boda uliyopanda iliteleza kwa mteremko, na waliokuja nyumbani ni polisi, na habari zao.

Kwa mazishi mkubwa wako alisema ulikuwa na moyo. Akala, akaenda. Alikuja na gari lile lile.

Ulipenda uji uliochacha. Uliimba ukisugua masufuria, na wimbo hukuumaliza hata siku moja. Kuku wako wananifuata wakidhani ninajua vile ulikuwa unawaambia.

Mwezi wa Desemba nilichukua ungo wako nikaenda kwa yule mama. Tulipukuchua mpaka jioni. Yule mtu wa nyumba yake alikaa mlangoni muda wote. Mama alisema wako sawa, akanionyesha sare. Lakini alikuwa anapukuchua kwa mkono mmoja, ule mwingine ameuficha kwa leso. Kesho yake nilienda kuwaambia ofisini. Nikajibiwa aje mwenyewe.

Tunakukumbuka mimi mume wako Kahiga, watoto wako Watiri na Munene, mama yako Wakiuru na ndugu yako Muriithi. Hakuna siku itapita kwa nyumba hii bila jina lako kutajwa.

Kitanda bado kimetandikwa. Sasa nyinyi wakubwa, ni nani anaenda kumleta yule mama?