Salamu za Fundi Mgeni

Mdogo wangu mpenzi,

Barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu, na ikimkuta mama ameanza kuinuka kitandani nitashukuru zaidi. Anakula? Anagomba? Akigomba, basi amepona. Mimi mwili hauna neno, ila roho iko juu, na ndiyo maana naandika.

Yule fundi mgeni aliyeletwa kukagua boila huwezi kuwa umemsahau. Wewe ndiye uliyetaka kumwambia unasikia joto, ukaacha tengo calor niliyokufundisha, ukamtolea estoy caliente, maneno ya mke na mume chumbani! Mzee wa watu alikosa pa kuficha uso. Nami nilikuonya mara ngapi pale stoo, saa ya chakula, kwa Kihispania changu cha kuokota nilipokuwa yaya wa watu wa lugha ile? Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Ulipoondoka kumuuguza mama, vituko havikwisha. Siku moja fundi alisimama mbele ya boila, pale kwenye kile kiraka cha kuchomelea, akavuta ngozi ya chini ya jicho kwa kidole na kusema ojo. Kidevu, msimamizi wenu, akadhani mgeni anaumwa macho, kesho yake akamletea dawa ya matone. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Nikawaeleza kwamba kwao ndivyo mtu anavyosema angalia, pana hatari. Bosi alikuwa amesimama nyuma yetu, naye hakucheka.

Tangu hapo bosi akapiga marufuku. Mambo ya mashine fundi amwambie yeye peke yake, ofisini, maana Kihispania anakijua, alikisomea. Kwa wafanyakazi ni salamu tu. Fundi akatii. Asubuhi salamu, jioni hasta luego. Nyinyi wanafunzi wangu, tangu wewe ukiwa bado hapa, kwa ubishi wenu mlikuwa mkimuaga kwa adiós kila siku, naye akitikisa kichwa na kuwarudishia hasta luego. Unakumbuka nilivyowaambia? Kwao hasta luego, yaani tutaonana, unampa hata muuza maji wa njiani ambaye hutamwona tena. Humuahidi kitu, ila humfungii mlango. Adiós ina uzito wake, ni ya kuagana moja kwa moja, nao hawaitupi ovyo kila jioni.

Ijumaa bosi alitukusanya uwanjani, fundi kando yake. Akatangaza kwamba ukaguzi umekwisha, fundi amesema no pasa nada, hakuna neno, kwa hiyo Jumatatu boila inawashwa. Watu wakapiga makofi. Kisha fundi akaomba kuaga. Akawapita watu wa boila mmoja mmoja, akawakumbatia, na kila mmoja akamwambia adiós. Kidevu akafurahi kwamba mwishowe mzee amekubali adiós yetu. Mimi nikajiuliza ile hasta luego yake ya kila jioni imekwenda wapi.

Nilimfuata getini, gari likiwa tayari linanguruma. Nikamuuliza kama kweli alisema no pasa nada. Akasema, “Hayo ni maneno ya kumtuliza mtu aliyemwaga chai. Chuma hakitulizwi.” Nikamuuliza, na wale watu wa boila je, mbona leo amewaaga kwa adiós. Akasema salamu ndiyo pekee aliyoruhusiwa, naye ametumia alichokuwa nacho. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Dereva akafunga mlango.

Nilirudi mbio kwa Kidevu nikamweleza yote. Alinisikiliza, halafu akaniuliza kama dawa ya macho nayo ilikuwa dalili ya mkosi. Wenzake wakaangua kicheko. Wakasema bosi amesoma, mimi ni mtunza stoo, na hakuna kiwanda kinachofungwa kwa sababu mgeni amebadilisha kwaheri yake. Nikaenda kwa bosi. Huyo hakubisha hata kidogo. Alinikumbusha tu kwamba stoo ina watu wengi wanaoitamani, akasema wewe, mdogo wangu, utaitwa urudi, na Jumatatu ndiye utakayewasha, kwa sababu mkono wako umeizoea ile mashine. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, mdogo wangu.

Sasa sikiliza. Huo mzigo aliokupa mleta barua usiufungue mbele ya mama. Ndani, kwenye kanga yangu ya zamani, kuna kile kifaa cha kuwashia moto wa boila, pamoja na kile cha akiba. Vyote viwili nimevichukua mimi, na funguo za stoo ninazo mimi, kwa hiyo hawatahangaika kumtafuta mwizi. Bila hivyo haiwaki, na kuagiza kingine kunachukua muda. Vifukie, vitupe kisimani, utakavyoona. Wewe usirudi, hata wakikutumia gari, hata wakikuletea ujumbe kwamba dada yako ameomba uje. Sitaomba.

Jumatatu nitakwenda kazini kama kawaida. Nikitoroka watasema ni wizi tu, na Kidevu hatauliza kwa nini. Nikiwa pale, labda mbele ya askari atanisikia.

Mbusu mama, mwambie shughuli zimenibana. Wifi yangu msalimie sana, aendelee kukufokea kwa niaba yangu.

Na wewe, mdogo wangu, hasta luego. Maana yake unaijua, nilikufundisha mwenyewe.

Dada yako,
wa stoo