Mikono ya papa mu foto

Dimanche, magaribi.

Foto ilitoka mubaya, na kwanza mimi nilizani ni kosa yangu. Kila siku ni kosa yangu, hii kamera ningali naijifunza.

Tulitoka ku kanisa, ku batême ya mutoto ya dada yangu Béa. Mu salon mapazia ilikuwa imefungwa, courant ya umeme ikakatika, ikakuwa giza, papa njo alishika bougie ya kutuangazia. Nikashusha vitesse, kamera ibakie wazi murefu kidogo, ikamate mwangaza. Nikaiweka juu ya meza. "Musitikisike!"

Mu ile foto, ukuta iko wazi. Mama iko wazi. Hata mutoto, sababu alikuwa amelala. Paka mikono ya papa tu njo ilikuwa sawa moshi, na moto ya bougie ilichora mistari ya kuzunguka-zunguka.

Nikamugombeza mbele ya bantu yote. "Papa, unatikisika!"

"Niko nasimama, mwana. Sitikisike."

Tukatoka inje, ku jua. Nikapandisha vitesse, kamera ikafungua na kufunga mbio sana. Mikono yake ikatoka muzuri, kila kidole. Njo hapo nilielewa. Ile mbio ya kamera haikumuponesha, ilificha tu kutetemeka yake.

Nikaonyesha mama foto zote mbili. Hakuuliza ile ya kwanza iliharibika sababu gani. Alisema paka: "Futa ile. Patron ya kazi ya papa yako asiione."

Kumbe mama anajua. Tangu lini?

Nilifuta.

Kesho asubuhi papa anapeleka bafanyakazi ku Kipushi na bisi ya patron, yeye njo anaiendesha, mikono ku volant. Batapanda, batamusalimia, kisha batalala.